Tovuti ya Wisconsin Shipwrecks na Merikebu ya Miti ya Krismasi

Tovuti ya Wisconsin Shipwrecks, inayoendeshwa na Wisconsin Historical Society kwa ushirikiano na mpango wa Sea Grant (wa utafiti na elimu kuhusu maziwa makuu) wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, ni huduma ya bure ninayoipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayejali historia ya vyombo vya majini. Anayeifungua kwa mara ya kwanza na aanze na Rouse Simmons, merikebu ya mbao yenye milingoti mitatu iliyozama katika Ziwa Michigan tarehe 23 Novemba 1912.

Merikebu hiyo iliundwa Milwaukee mwaka 1868, ikafanya kazi ya kubeba mbao kwa miaka mingi, na siku ya msiba ilikuwa imezeeka. Ilikuwa ikitoka Thompson, kaskazini mwa ziwa, na shehena ya maelfu ya miti ya Krismasi ambayo Nahodha Herman Schuenemann alizoea kuwauzia watu wa Chicago akiwa papo hapo chomboni, karibu na daraja la Clark Street. Mchana wa siku hiyo, waokoaji wa kituo cha Kewaunee, kwenye pwani ya Wisconsin, waliiona ikipeperusha bendera nusu mlingoti, ishara ya kuomba msaada. Kwa kuwa hawakuwa na boti ya injini, walipiga simu kituo cha uokoaji cha Two Rivers, mji ulio kusini zaidi kwenye pwani hiyo, lakini boti iliyotoka huko haikuifikia, na hakupona hata mtu mmoja.

Ubora wa huduma hii uko katika kuyapa mabaki yenyewe nafasi ya kutoa ushahidi, na hilo nalithamini sana, kwa sababu kisa hiki kimezungukwa na hekaya nyingi. Mzamiaji Kent Bellrichard aliyagundua mabaki mwaka 1971, kwenye kina cha mita 50 hivi, na ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo inayobeba shehena, miti ilikuwa bado imepangwa, mingine ikiwa na majani yake membamba kama sindano, kwani maji yale ni baridi na hayana chumvi. Wanaakiolojia waliopima mabaki mwaka 2006 walikuta milingoti na minyororo imelala kuelekea mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, dalili kwamba chombo kilizama kwa kutanguliza omo. Inafaa pia kujua kwamba pochi ya nahodha, iliyofungwa katika kitambaa kisichopenya maji, ilinaswa na wavu wa wavuvi mwaka 1924.

Maelezo yote ni ya Kiingereza na vipimo ni vya futi, jambo litakalomsumbua msomaji aliyezoea mita. Hata hivyo, maelezo yamepangwa vizuri: umbo la chombo, historia ya kazi zake, safari ya mwisho na hali ya mabaki sasa. Mwalimu wa historia anaweza kuyatumia darasani, na mwenye nafasi ya kufika Two Rivers ataona baadhi ya kumbukumbu za merikebu hiyo katika jumba la makumbusho la Rogers Street Fishing Village.