Kitulo au Matema: wapi uwatazame ndege wahamao mwezi Machi?

Machi, ndege wa Ulaya wanapojiandaa kurudi kaskazini, Kitulo, hifadhi ya taifa ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, inaipiku Matema, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kule juu, takriban mita 2,600, mbayuwayu wa aina mbili huruka chinichini juu ya majani: mwenye koo jekundu na tumbo jeupe ni wa Ulaya, mwenye buluu iliyokolea mwili mzima huzaliana hapohapo wakati wa mvua, kisha huelekea Uganda na Kenya. Ukungu ukitanda, subiri tu. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya milimita 42) inatosha. Ya kukuza mara 12 hutikisika mno kwenye upepo. Barabara ya udongo huteleza vibaya, gari dogo liache Mbeya.

Matema ni rahisi kwa miguu: pita ufukweni alfajiri, kabla watu hawajajaa, umtafute chamchanga, ndege mdogo wa ufukweni anayetikisa mkia bila kukoma. Joto lake, lakini! Na beba dawa ya mbu.