GnuCash kwa wenye vipande, hisa na hatifungani: bei mara nne kwa mwaka inatosha

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, karibuni. Wazee wangu, shikamooni. Hapa ni Mbeya, baridi inauma kwelikweli, kwa hiyo mtaniona na koti mpaka mwisho wa video. Leo nina programu ambayo nimekuwa na hamu ya kuwaonesha, inaitwa GnuCash, ya kutunza hesabu za fedha na uwekezaji wako. Ni ya kompyuta, iwe Windows, Mac au Linux, na ni bure. Siyo ile bure ya mwezi mmoja halafu wanaanza kukuomba namba ya kadi ya benki. Bure moja kwa moja. Kuipakua mnajua, huko sipotezi muda.

Wengi mnaniandikia jambo lilelile: nina vipande vya UTT, yaani sehemu zangu kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, nina hisa za CRDB kidogo, kuna na hatifungani, yaani fedha niliyoikopesha serikali kwa riba, ila ukiniuliza jumla yangu ni shilingi ngapi, sijui. Mwingine ana jedwali la Excel alilolianza Januari, likafia Machi. Lilikufa kwa sababu alijipangia kuandika bei kila siku. Bei ya kila siku ya nini, ndugu yangu, na hisa zenyewe unazishika miaka kumi? Hiyo ni kazi ya dalali. Wewe uko Rungwe, parachichi zinasubiri kuvunwa.

Sasa tazama kioo. Nimefungua akaunti ya mfuko, nimeiita Umoja. Hizi namba ni za mfano tu, msizichukue kama bei ya leo. Januari naweka laki moja, kipande kiko shilingi 400. Naandika fedha, naandika bei, vipande inapiga yenyewe: 250. Aprili laki moja tena, bei 500, vipande 200. Julai 110,000 kwa bei ya 550, vipande 200 vingine. Kwa hiyo nina vipande 650, na fedha niliyotoa mfukoni ni 310,000.

Haya, rudi kwenye orodha ya akaunti, angalia safu ya jumla kwa shilingi. Hiyo safu mwanzoni imefichwa, bofya kale kamshale kadogo pembeni kabisa mwa kichwa cha orodha, uiwashe. Inasoma 357,500! Nani kaiambia? Mimi sijaenda kuandika bei mahali popote. Ule ununuzi wa Julai wenyewe ndio umebeba bei, programu ikaishika, ikazidisha vipande vyote 650 kwa 550. Yaani kama unachangia kila mwezi, suala la bei limekwisha, kila mchango unakuja na bei yake.

Na usipochangia? Nenda menyu ya zana, pameandikwa Price Database, yaani daftari la bei. Chagua mfuko wako, weka tarehe 30 Septemba, andika 600, hifadhi. Rudi kwenye orodha: 390,000. Umeona? Namba moja nimeandika, akaunti nzima imepanda, na ripoti ya uwekezaji inakuonesha faida ya 80,000 ambayo bado hujaitia mfukoni, maana hujauza. Ngoja niirudie kwa waliochelewa kuingia. Nafuta 600, naweka 580. Tazama... 377,000. Na bei za nyuma zote zimebaki na tarehe zake, hakuna kilichopotea. Hiki kitu nakipenda jamani! Unakifanya mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, unafunga kompyuta, unaendelea na maisha yako.

Kuna mahali pa kuvuta bei kutoka intaneti. Usihangaike napo. Pamejengwa zaidi kwa ajili ya masoko ya nje. Bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam mimi naziandika kwa mkono, na kwa mtu mwenye kampuni tatu nne ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Hatifungani ni rahisi zaidi. Kama umenunua ya serikali ya miaka 20 au 25 na nia yako ni kukaa nayo mpaka iive, usiitafutie bei. Iache kwa fedha uliyonunulia. Kinachokuhusu ni riba, na inalipwa mara mbili kwa mwaka. Ya milioni kumi kwa asilimia 12, kwa mfano, ni laki sita kila miezi sita. Unaipanga mara moja kwenye ratiba, tarehe ikifika inajiandika. Siku ukitaka kuiuza kabla ya muda wake, hapo ndipo uulizie bei.

Gawio la hisa, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, lina kakitu kake. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni inakukata kodi ya zuio asilimia 5 kabla hujapokea. Gawio likiwa 150,000, benki unaona 142,500. Andika mistari mitatu: gawio lote, kodi 7,500, kilichoingia benki. Ukiandika kilichoingia tu, mwisho wa mwaka utajiona umepata kidogo kuliko ulichopata.

Mtaniuliza, mbona usituoneshe Quicken? Quicken nayo ni programu ya hesabu za fedha, ila ni ya Marekani, unalipia kila mwaka, na imejengwa kufuata benki za kwao. Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Programu nyingine za aina hii zimekufa: Microsoft Money iliacha kuuzwa 2009. Mint, iliyokuwa na watumiaji mamilioni, imefungwa 2024. GnuCash ipo tangu 1998, mwaka uleule Soko la Hisa la Dar lilipoanza biashara, na faili linakaa kwenye mashine yako. Bando likiisha unafanya kazi. Weka nakala kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe yako, basi.

Nilitaka kusema vikoba haviingii humu. Lakini nikifikiria vizuri, mbona vinaingia. Fungua akaunti ya kawaida, andika unachochangia, na siku ya kugawana andika kilichozidi kama mapato. Mara moja kwa mwaka. Kwa kweli kikoba ni rahisi kuliko hisa.

Wa Iringa mlioomba tuje tufanye mubashara, nimewasikia, tarehe nitaiweka kwenye ukurasa wa jumuiya. Jiunge na chaneli usiikose.

La mwisho, maana najua litaulizwa: ununuzi wa miaka yote ya nyuma nao niuandike? Hapana! Chukua taarifa ya akaunti yako ya mfuko, andika mstari mmoja: vipande vyote ulivyonavyo na jumla ya fedha uliyotoa. Programu itachukua bei ya wastani kama bei ya tarehe hiyo, kwa hiyo usiishie hapo. Nenda Price Database uandike bei halisi ya leo, maana usipofanya hivyo faida yako itasoma sifuri. Wenye hisa mfanye hivyohivyo, kampuni moja, mstari mmoja. Ukikwama, niandikie hapo chini umekwama kwenye dirisha gani, nami nitakujibu.