Miaka mitatu na NVDA: inayonifaa na inayoniudhi

Kwa karibu miaka miwili, karani wa shule yetu aliujua mshahara wangu kuliko mke wangu. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea hati ya mshahara, naye akaisoma pale pale ofisini: makato ya benki, bima, deni la saccos, vyote, walimu wenzangu wakinywa chai meza ya pili. Hakuwa na ubaya. Ndiyo sauti yake tu, anasoma kila kitu kama anatangaza matokeo ya mtihani. Lakini siku mwenzangu mmoja aliponinyima elfu hamsini ya mkopo kwa maneno ya "wewe makato yako tunayajua", niliapa kwamba hati ile nitaisoma mwenyewe.

Nafundisha Historia sekondari, Tanga. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, la kulia likafuata taratibu, na sasa natofautisha mchana na usiku, basi. Nukta nundu nimejifunza, ila vidole vya mtu aliyepita miaka arobaini ni wanafunzi wazito. Nasoma kwa mwendo wa kinyonga. Tegemeo langu likawa kompyuta inayosema. Programu ninayoitumia ni NVDA, inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na huu ni mwaka wa tatu. Nitaeleza pia njia niliyopita kuifikia, kwa sababu ilikuwa ndefu bila sababu.

Nilianzia kwenye mafunzo ya wiki nne Dar es Salaam. Kituo sitakitaja. Mkufunzi wetu alikuwa kijana asiyeona tangu kuzaliwa, umri wa mwanafunzi wangu, na kazi aliijua. Siku ya kwanza hakuiwasha kompyuta kabisa. Alivishika vidole vyangu viwili vya shahada akavitua kwenye kibodi.

"Mwalimu, unasikia nini hapo?"

Nikapapasa. Kulikuwa na kijistari kilichoinuka kwenye herufi F, na kingine kwenye J. Miaka kumi na mitano nimechapa mitihani kwenye kibodi za namna hiyo hiyo na macho yangu hayakuwahi kuviona.

"Hapo ni nyumbani. Ukipotea usitafute herufi, rudi nyumbani kwanza."

Siku tatu tulichapa majina yetu, ya watoto wetu, ya vijiji vyetu. Hadi leo nikikalia kompyuta ya mtu mwingine, vidole vinakwenda kupiga hodi F na J kabla ya lolote.

Alichofundisha kilikuwa kizuri. Alichofundishia ndicho kilikuwa na kasoro. Tulijifunza kwa JAWS, programu kongwe ya kusoma skrini iliyoanzishwa na Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwanamashindano wa pikipiki kabla ajali ya gari haijampofusha mwaka 1978. Ni programu kubwa, na kwa ofisi yenye bajeti sina neno nayo. Lakini leseni yake ni mamia ya dola, na kituo hakikuwa na leseni. Tulitumia ya majaribio, ambayo inakusomea kwa dakika 40 kisha mpaka uizime kompyuta uiwashe upya. Mimi niliizoea haraka kwa kuwa dakika 40 ni kipindi kimoja cha sekondari; ikinyamaza najua kengele imelia. Wenzangu iliwakera mno. Unaandika barua, umefika "Wako mtiifu", kimya.

Nikapewa cheti. Nikarudi Tanga na cheti mkononi, bila programu. Fikiria umefundishwa kuendesha gari la watu, ukahitimu, ukaambiwa sasa nenda kanunue lako. Kompyuta mpakato yangu ilikaa kabatini miezi minne ikila vumbi.

Aliyenitoa huko si mtaalamu. Ni mama mmoja wa Muheza tuliyesoma naye, anayeendesha duka la vifaa vya shule. Akanipigia simu: "Mwalimu, bado unangoja JAWS? Njoo dukani uchukue hii, iko kwenye flashi." Nikachomeka flashi, akanielekeza faili la kubonyeza, na kompyuta ikaanza kuongea bila hata kusakinisha kitu. Nikamuuliza bei. "Bure." Nikamuuliza kama ni ya wizi. Akacheka sana.

Siyo ya wizi. Aliianza Michael Curran wa Australia, asiyeona, mwaka 2006, kisha James Teh, naye haoni, akajiunga naye. Wakaunda shirika lisilo la faida, NV Access, linaloishi kwa michango na misaada. Ukienda kuipakua wanakuuliza kama ungependa kuchangia. Ukiruka swali hilo hawanuni. Na unausikia mkono wa asiyeona ndani yake. Mfano, kitufe chake kikuu ni Insert, ila kwa sisi wenye kompyuta mpakato ambazo Insert imefichwa pembeni kama nyongeza, unachagua Caps Lock ifanye kazi hiyo. Ukibonyeza Insert pamoja na 1, kila kitufe unachogusa kinajitaja jina na kazi yake bila kuitenda. Unaweza kupapasa kibodi nzima kama mtoto bila hofu ya kufuta kazi ya mtu. Ningekuwa natoa mafunzo mimi, saa ya kwanza yote ingekuwa hapo.

Sasa sauti, na hapa nina mengi.

Sauti ya Kiingereza ikisoma "Mkuu wa shule anawatangazia wazazi wote" unaweza kulia. Ni mtalii aliyeteremka uwanja wa ndege wa KIA leo asubuhi. Kituoni tulivumilia hivyo wiki nne nzima, tukakisia maneno, na wenzetu wasiojua Kiingereza waliachwa njiani, wawili hawakumaliza. Hakuna aliyetuambia kwamba NVDA inakuja na eSpeak NG, mtambo wa sauti za lugha nyingi, na humo Kiswahili kimo. Unabonyeza Insert, Ctrl na V, unatafuta orodha ya sauti, unashuka na mshale mpaka Swahili. Dakika mbili. Mama wa Muheza ndiye aliyenionyesha.

Nisiwadanganye, ni sauti ya bati. Haina pumzi wala huruma, inasoma tangazo la msiba na la punguzo la bei kwa namna moja. Lakini Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, na mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hata bati halikosei sana. Linakosea pale ambapo lugha yenyewe imeamua kutukomoa: barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" kwake ni neno moja. Kichekesho kingine ni kwamba maneno ya NVDA yenyewe nimeyaacha kwa Kiingereza, na sauti ya Kiswahili inayasoma kwa Kiswahili. "Heading", yaani kichwa cha habari, inatoka kama "he-a-di-ngi". Mwanzoni niliudhika. Sasa ndilo neno langu, na nikisikia mtu analitamka kwa usahihi naona kama anajidai.

Kuna jambo moja lilinitesa miezi mingi kabla sijalielewa, nalieleza kwa kirefu kwa faida ya mwingine. Nilikuwa nafungua tovuti ya habari ya Kiswahili, nimechagua sauti ya Kiswahili, na bado yule mtalii anarudi. Nikitoka kwenye tovuti, Kiswahili. Nikiingia, mtalii. Nikadhani programu imeharibika, nikaisakinisha upya mara mbili. Kumbe kila ukurasa una alama iliyofichwa ndani inayotaja lugha yake, na NVDA inaitii. Watengenezaji wengi wa tovuti zetu wanachukua kiolezo cha Kiingereza, wanajaza habari za Kiswahili, na ile alama hawaigusi. Macho hayaoni tofauti. Masikio yanaona. Dawa yake ni kwenye mipangilio ya sauti: zima ule mpangilio wa kubadili lugha wenyewe. Kwa makala ndefu huwa nahamia kivinjari cha Edge na kuiambia isome kwa sauti. Humo wamo Rehema na Daudi, sauti za Kiswahili cha Tanzania zinazosoma kama watangazaji, ila zinataka intaneti na kwa kazi ya kuhariri ni za polepole mno. Bati langu ninalikimbiza. Mke wangu anasema nikiwa kazini chumba kina nyuki.

Kazini kwenyewe, kilichobadilisha maisha ni Excel. Majibu ya wanafunzi yaliyoandikwa kwa kalamu NVDA haiyaoni, hilo lieleweke. Kuna kijana ananisomea, mimi natoa alama. Lakini kujaza najaza mwenyewe. Muhula wa kwanza nilijaza kwa kuhesabu safu, nikaruka moja karibu na juu, na Kidato cha Pili kizima kuanzia hapo kikapata alama za jirani. Kuna mtoto wa mkiani alikuja kunishukuru. Baadaye nikajifunza kwamba ukisimama juu ya safu wima yenye majina ukabonyeza Insert, Shift na R, NVDA inakumbuka kuwa hayo ni majina, na kila unaposhuka kwenye alama inakutajia mtu kwanza: Mwanaidi, sitini na nne, Rajabu, thelathini na tisa. Tangu siku hiyo hakuna aliyenishukuru kwa bahati mbaya.

Yanayoudhi. Mengi si ya NVDA, lakini yanakujia kwa mdomo wake. Unafungua mfumo fulani, unashusha mshale: "button". Tena: "button". Tena: "button". Mwenye macho anaona picha ya pipa la taka, picha ya bahasha, picha ya mshale. Aliyeunda hakuandika jina chini ya picha, basi mimi nachagua kati ya kufuta na kutuma kwa kupiga ramli. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 tunayo, majirani zetu Kenya tangu 2022 wana hata kiwango cha taifa cha ufikivu wa huduma za kidijitali, lakini sheria haikai na fundi usiku ule anapounda kitufe. Kisha kuna zile herufi zilizopindapinda za kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Kwenye tovuti moja ya maombi ya masomo hapakuwa na njia ya kuzisikiliza. Nikamwita mpwa wangu wa darasa la sita aje athibitishe kwamba mimi ni binadamu.

Na barua za ofisini! Mtu anachapa barua kwenye kompyuta, anaichapisha kwenye karatasi, anagonga muhuri, anaiskani, ananitumia. Maandishi yaliyokuwa yanasomeka yamegeuzwa picha. Kwenye Windows 10 na kuendelea NVDA inajaribu kuyachomoa, Insert na R, na kwa Kiswahili inafanya vizuri kuliko nilivyotarajia, ila palipogongwa muhuri maneno yote yanachanganyika, na muhuri kwa kawaida umekalia tarehe ya mwisho. Nimeshapiga simu mara kadhaa kuuliza tarehe ya mwisho ni lini. Najibiwa, "imeandikwa kwenye barua, Mwalimu."

Kwenye simu natumia TalkBack, kisoma skrini cha Android, ni hadithi nyingine. Inatosha kusema menyu za kutuma pesa inazisoma, lakini muda wa menyu huwa unaisha kabla haijafika namba sita, na huduma ninayoitaka haijawahi kuwa namba moja.

Anayetaka kuanza, angalia kompyuta kabla ya kununua. Zile za mtumba zenye Windows 7 ni rahisi, lakini NVDA kuanzia toleo la 2024.1 haizikubali, utabaki na 2023.3.4 milele. Nunua spika za masikioni, vaa sikio moja, lingine liachie dunia. Na ukiitwa kwenye mafunzo, kabla ya kulipa nauli uliza mambo mawili: nitarudi nyumbani na programu gani, na itaongea lugha gani. Wakisitasita, mtafute mtu wa Muheza wa kwenu.

Mwezi uliopita niliketi sebuleni na hati yangu ya mshahara, nimeipakua mwenyewe. NVDA ina pazia: Insert, Ctrl na Escape, skrini inakuwa nyeusi tii huku yenyewe inaendelea kusoma sikioni. Mpwa wangu akapita nyuma yangu, akasimama.

"Mjomba, mbona umekaa na kompyuta imezima?"

"Haijazima."

"Sasa unafanya nini?"

"Nasoma."

Akaangalia tena, akaenda zake jikoni kumwambia shangazi yake. Mimi nikateremsha mshale mmoja, kwenye makato.