Kadi ya PASS, kitambulisho cha umri cha Uingereza, kwa tulioacha kuendesha: inafaa, ila ulizia kwanza pasi ya basi

Leseni yangu ya udereva niliirudisha mwenyewe kwa DVLA, idara ya leseni ya Uingereza iliyoko Swansea, kabla hawajaniitisha. Nilianguka kifafa kazini, nikaanguka tena nyumbani, na daktari wa ubongo akaniambia nisiguse usukani na niwaarifu DVLA. Ukinyamaza, faini yaweza kufika pauni 1,000. Kwa kifafa, leseni ya gari dogo huweza kurudi ukikaa miezi 12 bila kuanguka. Na kuirudisha kwa hiari kuna faida ambayo wengi hawaambiwi: ukipona na daktari akikubali, kwa kawaida unaruhusiwa kuendesha DVLA wakishapokea ombi lako, hata kama hawajalimaliza. Aliyenyang'anywa hukaa kungoja majibu.

Kukosa gari nilijiandaa nako. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, nilijua nitahamia kwenye mabasi. Ambalo sikulipigia hesabu ni kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Sisi wa Mombasa ukitimiza miaka 18 unachukua kipande, mambo yamekwisha. Uingereza hakuna. Walijaribu, sheria ikapita mwaka 2006, serikali iliyofuata ikaifuta mwaka 2010 na kadi zile zikawa hazina kazi. Kwa hiyo huku leseni ndiyo kipande cha watu, na asiyekuwa nayo huambiwa alete pasipoti. Pasipoti mpya ni zaidi ya pauni 90, nami kutwa nashuka basi hili napanda lile, mkobani mna glavu, chakula na mwavuli uliolowa. Siitoi nyumbani.

Ndipo nikachukua kadi ya PASS. Nililipa chini ya pauni 20, nikatuma picha ya uso na ya ukurasa wa pasipoti kwa simu, ikaletwa na posta. Ni plastiki ngumu, kimo cha kadi ya benki, ina jina, picha na tarehe ya kuzaliwa, na ile alama ya PASS ambayo ukiielekeza kwenye mwanga inabadilika rangi. Kadi hizi zilikusudiwa hasa vijana wanaoulizwa umri madukani, ndiyo maana yangu imepigwa 18+ kwa maandishi makubwa. Mimi nina wajukuu, na pombe sijaionja. Binti yangu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa kuchukua mizigo ya posta inatosha. Mara moja tu kijana wa dirishani aliigeuza mbele na nyuma kama noti ya bandia, akauliza, "Leseni huna?" Nikasema nimeacha kuendesha. "Kwa nini?" Watu nyuma yangu foleni nzima, nami nimekuja kuchukua madera niliyotumiwa na dada yangu, eti nieleze maradhi yangu. Mkubwa wake alifika, akaitazama alama, akanipa mzigo wangu. Tangu siku hiyo jibu langu ni moja: siendeshi. Sababu ni ya kwangu na daktari wangu.

Pale inapokwama ni kwenye anwani. Leseni ilikuwa inasema mambo mawili kwa mpigo, wewe ni nani na unakaa wapi. Kadi yangu inasema la kwanza tu. Benki moja nilikotaka kufungua akaunti waliikataa kabisa, wakataka pasipoti pamoja na barua yenye anwani. Barua ipi sasa? Umeme uko kwa jina la mume wangu, taarifa za benki yangu ya zamani zote zimehamia kwenye simu. Iliyoniokoa ni barua ya kodi ya halmashauri, ambayo ina majina yetu sote wawili. Mkiwa mnaishi kwenye nyumba iliyoandikwa jina la mtu mmoja, hakikisheni jina lenu linaingia kwenye karatasi hata moja, mapema.

Kwenye kura kadi ya PASS haina shida, imo kwenye orodha ya vitambulisho vinavyokubalika. Orodha hiyo ni pana kuliko watu wanavyodhani; hata pasipoti ya Kenya imo, kwa kuwa ni nchi ya Jumuiya ya Madola. Asiye na chochote huomba cheti cha bure cha kupigia kura, ila ni cha kura tu, usikipeleke kwingine.

Lakini nililotaka kuwaambia hasa ni hili. Kwa sheria ya England, mtu ambaye akiomba leseni atakataliwa kwa sababu ya afya, anastahili pasi ya basi ya walemavu. Sina mkongojo, natembea vizuri, nayo nimepewa na halmashauri. Ina picha na jina langu, unapanda bure kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku siku za kazi, na kutwa nzima Jumamosi na Jumapili. Na hiyo nayo inakubalika kwenye kura! Nilipewa habari hii na dereva wa basi, si zahanati wala DVLA.

Kadi ya PASS naipa nyota nne. Ombeni pasi ya basi kwanza, ikiwafaa kwa shughuli zenu hamtahitaji kulipa kitu. Mimi ninazo zote mbili, ila pasi ya basi hainifikishi kazini bure, maana zamu yangu ya kwanza huanza saa moja asubuhi, na muda huo nauli nalipa kama wengine.