Viti vya chumba cha kusomea: kipi kwanza, kipi mwisho

Kamati nyingi za maktaba hununua rafu, vitabu na feni. Viti hupewa kilichobaki. Msomaji anakaa nusu saa, kiuno kinamuuma, anaondoka na kitabu hakijafika katikati.

Kabla ya kuuliza bei, shika tepu. Kwa watu wazima, kikalio kiwe sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni, na uso wa meza uwe juu yake kwa sentimita 27 hadi 30. Kina cha kikalio kisizidi 43. Kikizidi, mfupi hafikii egemeo, au ukingo unambana nyuma ya magoti mpaka miguu inakufa ganzi.

1. Kiti cha mbao cha fundi seremala. Hiki ndicho ningenunua. Unampa fundi vipimo vyako, na kikilegea yupo jirani wa kukikaza. Mninga unapendeza lakini bei yake ni ya sebuleni. Mtiki unatosha kabisa. Kipindue ukikague: miguu iwe imechomekwa kwenye matundu na kutiwa gundi, si kupigiliwa misumari tu, na chini iunganishwe kwa vipande vya mbao. Uliza kama mbao zimekauka, kwani mbichi husinyaa na viungo vikaachia. Egemeo lilale nyuma kidogo. Mikono ya kiti usiweke: hugonga meza, msomaji akabaki mbali na daftari lake.

2. Fremu ya chuma, kikalio cha plaiwudi. Ni imara, na mara nyingi vinapangika kimoja juu ya kingine. Tanga au Mombasa sisitiza rangi ya kuzuia kutu, hasa pale palipochomelewa. Ukitaka sponji, ibonyeze kwa dole gumba. Ukigusa ubao, achana nayo. Kifuniko cha ngozi kwenye joto la pwani ni jasho tupu, afadhali kitambaa.

3. Plastiki. Rahisi, nyepesi, inaoshwa. Ila vingi vimebonyea katikati na miguu yake hutanuka kwenye vigae. Vifae siku ya mkutano.

4. Kiti cha ofisi kinachozunguka. Najua wengi watanibishia. Nyumbani kwa mtu mmoja, sawa. Chumba cha watu wote kila ajaye anakipandisha na kukishusha, mpaka kinagoma kikiwa chini, na mtaani kwako huenda hakuna wa kukitengeneza.

Mabenchi sikuyapa hata nafasi. Hayana egemeo, na akiinuka mmoja wanasogea wote.

Chochote utakachochagua, kivishe vikofia vya mpira miguuni. Kiti kikiburutwa kwenye terazo, chumba kizima kinanyanyua vichwa.

Usiagize vyote kwa mkupuo. Lipia sampuli moja, mkalishe mwanafunzi mrefu kuliko wote saa nzima, kisha mfupi kuliko wote, wakiwa wanaandika. Malalamiko yao yapeleke kwa fundi kabla hujatoa malipo ya awali ya vilivyobaki.