Nextcloud katika ofisi ya forodha Tanga: tathmini ya mtunzaji

Ofisi ya wakala wa forodha mjini Tanga huendeshwa kwa nyaraka. Kuna bili ya shehena, ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi na cheti cha asili ya bidhaa, na mara nyingi hati hiyohiyo inatakiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja yuko mezani Chumbageni na mwingine amesimama kwenye lango la bandari. Kwa kazi hiyo naendesha Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikiana faili kupitia mtandao, kwenye seva ndogo iliyomo ndani ya ofisi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeisakinisha, kuisasisha na kupigiwa simu inapokwama, ninaipima zaidi kwa jicho la mtunzaji.

Kwa upande wa mtumiaji sina malalamiko makubwa. Karani akishaskani hati na kuiweka kwenye folda ya mzigo husika, mwenzake aliyeko bandarini anaifungua kwenye simu, na mteja wa Moshi anatumiwa kiungo chenye nywila na tarehe ya mwisho wa matumizi, badala ya hati zake kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hubaki kwenye kapu la taka kwa siku 30, kama mipangilio ya awali haijabadilishwa. Nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, waliokuwa ndani ya ofisi waliendelea kufungua faili zao kama kawaida, kwa sababu zilikuwa kwenye mashine ya chumba cha pili. Tena, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kujua taarifa za wateja zimehifadhiwa wapi ni wajibu wa kisheria.

Kilichonifanya niiamini programu hii, hata hivyo, ni namna inavyomilikiwa. Frank Karlitschek alianzisha ownCloud mwaka 2010, kisha mwaka 2016 akaondoka, na pamoja na wenzake wakachukua msimbo uleule (maandishi yanayounda programu), uliokuwa wazi kwa yeyote kuutumia, na kuanzisha Nextcloud nchini Ujerumani. Leseni yake ni AGPL, inayomtaka anayeibadilisha programu na kuwahudumia watu kupitia mtandao awape pia msimbo alioubadilisha. Zaidi ya hapo, wachangiaji hawatakiwi kusaini mkataba wa kuikabidhi kampuni haki zao, hivyo msimbo una wenyewe wengi na si rahisi kwa kampuni kuamka siku moja na kuufungia.

Lakini uhuru huo una gharama, nayo ni matunzo. Kila toleo kuu hupewa marekebisho ya usalama kwa takribani mwaka mmoja tu, na huwezi kuruka: aliye kwenye toleo la 27 hana budi kupita la 28 na la 29 ndipo afike la 30. Ukishapanda, hakuna kushuka isipokuwa kwa kurejesha nakala rudufu, na nakala hiyo lazima iwe na faili, saraka ya mipangilio na hifadhidata (kumbukumbu ya ndani ya watumiaji, faili na viungo), vyote vya wakati mmoja, maana hifadhidata ya jana na faili za leo hazitakubaliana. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, watumiaji watakuta tangazo la matengenezo lisiloondoka hadi mtu aingie kwenye seva na kuimaliza kazi kwa amri za occ, zana ya Nextcloud ya kuandikia amri kwenye seva. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba asiye na betri ya akiba ya kuaminika asianze kabisa.

Programu jalizi, yaani nyongeza zinazosakinishwa juu ya Nextcloud, zinahitaji tahadhari ya peke yake. Baadhi hutunzwa na timu ya Nextcloud yenyewe, na nyingine ziko mikononi mwa mtu mmoja anayejitolea baada ya kazi zake. Toleo jipya likija na yeye hajapata nafasi, jalizi lake huzimwa wakati wa kusasisha. Kabla ya kuijenga kazi ya ofisi juu ya jalizi lolote, tazama liliboreshwa lini mara ya mwisho.

Dosari inayoniumiza zaidi ni upakiaji. Faili ya megabaiti 200 ikibadilishwa mstari mmoja, programu ya Nextcloud iliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji huituma upya nzima, jambo ambalo ofisini halisikiki lakini kwa karani aliyeko mpakani Horohoro anayetumia bando la simu ni hasara ya wazi. Kwa upande mwingine, watu wawili wakihariri faili moja bila mtandao, hakuna kazi inayopotea: nakala zote mbili hubaki, moja ikiwa na alama ya mgongano kwenye jina lake, na kuziunganisha ni kazi ya mikono.

Programu yenyewe ni bure na haina kikomo cha watumiaji. Ofisi yenye fundi wake, au iliyokubaliana na fundi wa kudumu hapa mjini, naishauri iichukue. Isiyo na mtu wa namna hiyo ni heri ilipie Nextcloud inayotunzwa na mtoa huduma, ikihakikisha kwanza kwamba mkataba unairuhusu kuhamisha faili na hifadhidata yake yote siku itakapotaka kuondoka.