Shokapu ya usukani kwenye Land Cruiser 75 ya mzee: ilichonisaidia na isichoweza

Pikapu yetu ni HZJ75 ya mwaka 1994, injini ya 1HZ, springi za majani mbele na nyuma. Mzee ameitumia miaka mingi kubebea mazao, sasa iko mikononi mwangu na sina mpango wa kuiuza.

Shida ilianza kwenye usukani. Nikifika kilomita 70 kwa saa, tairi la mbele likagonga kishimo tu, usukani unaanza kucheza kushoto kulia kwa nguvu, na hautulii mpaka nipunguze mwendo karibu kusimama. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, ile ya vumbi yenye mawimbi, nilikuwa nashuka mikono imekufa ganzi.

Duka moja la spea liliniambia nibadilishe shokapu ya usukani, ile inayofungwa kati ya chesisi na rodi inayogeuza tairi, basi. Nikanunua ya bei nafuu, boksi halina hata jina. Nikafunga, gari likatulia, ila likawa linavuta upande mmoja. Wiki tano baadaye mafuta yakawa yanavuja kwenye shafti, vumbi limegandia pale kama tope, na usukani unacheza kuliko mwanzo.

Hapo ndipo nilipompata fundi mtu mzima ambaye hakutaka hata kuigusa ile shokapu. Alipiga jeki mbele, akashika tairi juu na chini, akatikisa. Likacheza. Beringi za kingipini, zile ambazo tairi la mbele hugeukia, zilikuwa zimekwisha, na tairodi endi ya kushoto, kile kiungo cha mwisho wa rodi, pia. "Kijana, shokapu ilikuwa inakufichia ugonjwa," akaniambia. Tulibadilisha beringi zote za juu na chini, akapima ukazo wake kwa mizani ya ndoano kama ile ya buchani, akiongeza na kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia, mpaka akaridhika. Tairi nazo zikafanyiwa balansi. Kisha akaniambia niendeshe bila shokapu kabisa, taratibu kwanza. Gari likaenda sawa! Usukani haukucheza tena, ila kila jiwe lilikuwa linafika mkononi. Kazi halisi ya shokapu hii ndiyo hiyo, kumeza kishindo cha jiwe kabla hakijafika kwako.

Safari hii nikanunua orijino ya Toyota, kwa bei mara tatu ya ile ya kwanza. Kabla ya kufunga niliishika mkononi, nikaivuta na kuisukuma mpaka mwisho mara kadhaa. Uzito ulikuwa uleule pande zote mbili, na nikiiachia inabaki palepale. Ile ya kwanza ilikuwa ya gesi, na ilipokuwa mpya ukiiachia shafti inajitokeza yenyewe. Sasa naelewa kwa nini siku zile gari lilikuwa linavuta upande mmoja.

Kufunga si kazi kubwa, kilichotusumbua ni kuitoa ya zamani. Upande wa chesisi ni nati na bushi za mpira tu. Upande wa rodi kuna pini iliyochongoka, nayo ilikuwa imeng'ang'ania. Fundi alilegeza nati bila kuitoa yote, akaegesha nyundo nzito upande mmoja wa tundu la rodi inamokaa pini, akapiga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Pigo la tatu pini ikaachia. Usiipige pini yenyewe kichwani, utaua nyuzi zake. Na wakati wa kukaza nati ya taji, ile yenye meno juu, tundu la spliti pini (pini ya waya inayozuia nati isilegee) lisipolingana, ongeza kukaza mpaka lilingane. Usirudishe nyuma hata kidogo.

Jambo moja naomba lisirukwe: tairi zikiwa juu, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, mtu mwingine akiwa chini anatazama. Shafti lazima ibakiwe na nafasi pande zote mbili. Shokapu ikifika mwisho kabla ya bolti za kikomo, zile zinazozuia tairi kugeuka kupita kiasi, itang'oa mabano au itapasuka.

Nimeenda Engaruka na kurudi mara nne tangu tufunge, mara mbili nikiwa na magunia ya maharage nyuma. Usukani ni mzito kidogo ninapoegesha, hilo nalihisi. Barabarani nashika kwa mkono mmoja nikibadilisha gia, na shafti bado ni kavu. Mzee alipanda juzi, akaendesha mwenyewe mpaka Makuyuni, akasema imerudi kama alivyoijua.